Sungura wa Jepkosgei

Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili, baada ya sadaka, wakati watu walikuwa tayari wanatafuta viatu vyao kwa miguu chini ya benchi. Kila mwenye mbwa amlete joshoni Alhamisi saa nne, apitishwe kwenye dawa kama ng'ombe. Mbwa atakayeonekana na viroboto baada ya hapo atapigwa risasi. Watu walicheka kidogo, kisha wakajikuna, na hakuna aliyebisha. Viroboto walikuwa wamewazidi maarifa. Walijaa katika zile nyumba za kambi ambamo zamani walilala vibarua wa mzungu, na ambamo sasa walilala wenye shamba wenyewe, wakingoja kugawiwa vipande vyao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakulala kambi ile, kando ya njia ya Eldoret kwenda Burnt Forest, mwaka wa 1968. Pale kilikuwa nguoni, blanketini, na hata katikati ya kurasa za Biblia.

Warigia alitoka kanisani na wasiwasi wake mwenyewe, na haukuwa wa viroboto.

"Baba Nyakio," alimwambia mumewe walipokuwa wakiteremka njiani, "Jeki akitiwa dawa hatanuka tena kama Jeki."

"Si ndiyo sababu anatiwa?" Thuo akajibu. "Akizidi kunuka vile, tutahama sisi tumwachie nyumba."

"Nasema habari ya sungura."

Thuo akaacha mzaha. Habari ya sungura haikuwa ya mchezo katika nyumba ile.

Sungura walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wao. Walikuwa wa Jepkosgei, binti ya Kipyego, yule mtu wa josho. Msichana huyo wa miaka kumi alipigwa teke na fahali, paja likavunjika, na hii ilikuwa wiki ya tano amelala hospitalini Eldoret, mguu umening'inizwa kwa kamba. Mama yake, Rael, alikuwa huko huko mjini akimuuguza. Kipyego alishinda joshoni tangu alfajiri, na nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa msitu, ambako nguchiro na paka-mwitu huingia bila kupiga hodi. Basi siku ya kuondoka, Rael alikuja mwenyewe kambini na tenga kichwani.

"Mtoto amesema wakae kwa Nyakio," alisema. "Si wanaketi dawati moja? Mimi nilitaka kupeleka kwa dada yangu huko Kesses, lakini yeye amekataa kabisa. Amesema Mama Nyakio atachunga."

Maneno hayo Warigia aliyala kama asali. Walikuwa wameingia mwaka wa pili pale shambani. Wenyeji waliwasalimu vizuri, waliwauzia maziwa, walinunua kabeji zao. Lakini kuuziana kabeji ni jambo moja, na kuachiana kitu anachokipenda mtoto ni jambo jingine. Hakuna mwenyeji aliyewahi kumwachia mtu wa kambi hata kuku amwangalizie. Warigia alilipokea lile tenga kwa mikono miwili, na jioni ile aliwasimulia majirani habari hiyo mara nne, akijifanya analalamika.

Taabu ilikuwa Jeki. Mbwa huyo aliachwa na mzungu siku ya kuondoka, mkubwa, wa kahawia, aliyefunzwa kuwinda, na aliyekwisha kumaliza kuku wawili wa jirani na kitoto cha paka. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kibanda cha sungura, mate yakimchuruzika mpaka chini. Hapo Warigia alifanya kama mama yake alivyofanya huko Nyeri kila mwana-kondoo mgeni alipoletwa kwenye boma lenye mbwa mkali. Alichukua gunia moja tupu, akamlalisha Jeki juu yake usiku kucha. Asubuhi akalitia ndani ya kibanda, sungura wakalilalia. Kesho yake akalirudisha kwa mbwa. Gunia likaenda likirudi hivyo siku kumi, mpaka harufu ya mbwa na ya sungura ikawa moja. Mbwa huona kwa pua, mama yake alizoea kusema; akimnusa mtu akajikuta mwenyewe, hamli.

Na kweli, Jeki akashika adabu. Siku ya kumi na moja alilala chini ya kibanda kama askari wa benki, na tangu hapo hakuna nguchiro aliyesogea. Kila Jumapili Kipyego alipokwenda hospitalini, Nyakio alimpa kikaratasi: Karani amekula karoti. Bibi Harusi ana hasira lakini ni mzima. Meneja anakusalimia. Majina hayo alikuwa amewapa Jepkosgei. Karani alikuwa na doa jeusi puani kama aliyemwagikiwa wino, Bibi Harusi alikuwa mweupe mwili mzima, na Meneja alikuwa mnene na hakuwa na kazi. Daktari alikuwa amesema Jepkosgei angetolewa Jumatatu, siku nne tu baada ya mbwa kupelekwa joshoni.

"Siku nne," Warigia alisema wakifika mlangoni. "Wiki tano nzima nimewachunga, iharibike siku nne!"

"Usipompeleka atapigwa risasi," Thuo akasema. "Sasa unataka nini?"

Warigia hakujua alichotaka. Alitaka Jumatatu ifike.

Alhamisi ilikuwa kama sarakasi. Mbwa wa kambi nzima walikuwa wamefungwa kamba za katani, wengine wanabweka, wengine wamejitupa chini hawataki kutembea, na wenye mbwa wanaona haya kama wazazi wa watoto wasio na adabu. Josho lenyewe lilikuwa handaki refu la simenti lililojaa maji mazito ya dawa, ng'ombe huingia upande mmoja wakiogelea na kutokea upande wa pili. Kipyego alisimama ukingoni na gambuti zake, akiwashika mbwa mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo na mgongo na kuwatumbukiza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Kati ya wafanyakazi wote wa mzungu, ni yeye peke yake aliyebakizwa na kampuni ya wanahisa walionunua shamba, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejua kupima dawa.

Mwenyekiti Githinji alikuwa pale na koti lake la mvua na orodha yake, akitia alama kila mbwa anapotoka. Githinji alikuwa na mpwa anayeitwa Ndungu, aliyemaliza darasa la saba na kuketi nyumbani, na kambi nzima ilijua ni kazi gani mjomba alikuwa akimtafutia.

Jeki alipotoka upande wa pili alijikung'uta, akawarushia watu dawa, wakapiga kelele. Kipyego akamfuata Warigia na kamba.

"Mama Nyakio, sikia. Hii dawa ni kali. Mfunge kwa jua mpaka akauke kabisa. Watoto wasimshike, na asiingie nyumbani siku mbili. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Jepkosgei."

"Na hawa wageni wako wanaendeleaje?"

"Wazima. Meneja amenenepa mpaka aibu."

Kipyego akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Jumatatu mwenyewe atakuja kuona. Anauliza kila wakati, mpaka manesi wanajua majina yao."

"Kipyego!" Githinji akaita kutoka ng'ambo, mbele ya watu wote. "Kampuni inakulipa kutia dawa, haikulipi kuzungumza na wake za watu."

Wengine wakacheka. Kipyego akageuka akarudi kwa mbwa wake, na Warigia akaondoka na Jeki akiwa ameinamisha uso.

Aliyafuata maagizo yale neno kwa neno. Alimfunga Jeki kwenye nguzo ya lango palipokuwa na jua, akawafukuza watoto, akamsogezea bakuli la maji kwa fimbo ndefu. Lakini jua la Uasin Gishu halina ahadi. Saa nane mawingu yalitanda, saa tisa manyunyu yakaanza, na kufikia saa kumi na moja Jeki alikuwa bado amelowa kwenye kifua na tumbo, akitetemeka na kunuka kama duka la dawa za mashamba.

Warigia akaona heri ajaribu mapema, kabla giza halijaingia. Alimfungua, akamwongoza kwa kamba hadi kibandani. Mambo yakawa kama alivyohofia. Karani akapiga mguu chini, Bibi Harusi naye akapiga, kibanda kikatikisika. Wakajibanza kona ya mwisho, macho yamewatoka. Jeki naye akawanusa, akajinusa, akasimamisha manyoya ya mgongo. Hakuwajua. Akaanza kuunguruma chini chini, vile vile kama siku ya kwanza, na mate yakaanza kumtoka.

Warigia akamvuta nyuma kwa kamba. Kumfunga Jeki langoni usiku kucha kungewaacha sungura bila mlinzi, na Jumanne tu paka-mwitu alikuwa amechukua kuku wawili nyumba ya tatu. Kumwacha Jeki chini ya kibanda akiwa hivi ni kumkaribisha fisi kwenye karamu. Angeweza kuwaingiza sungura ndani, katika kile chumba kimoja chao cha kulala na kupikia. Jambo hilo alilifikiria baadaye, mara nyingi mno. Wakati ule lililomjia ni gunia.

Alilitoa gunia kibandani, likiwa na joto la sungura. Akamsugua Jeki kwalo, shingo, mgongo, kifua, tumbo, ili apate harufu yao. Alisugua kwa bidii mpaka gunia likawa zito. Kisha akalirudisha kibandani, kwenye kona ya Karani na Bibi Harusi, ili nao wapate harufu yake mpya waizoee. Meneja alikuwa juu, kwenye kisanduku chake cha peke yake, maana hakupenda kusongamana na watu. Warigia alingoja. Baada ya muda sungura wakaacha kupiga miguu. Jeki akazunguka mara mbili, akalala chini ya kibanda na kupumua kwa nguvu.

Warigia akaenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kwa sababu dawa ile ilikuwa kali. Usiku huo alilala usingizi mzuri kuliko wiki nzima.

Nyakio ndiye aliyewakuta, asubuhi ya Ijumaa, alipowapelekea majani kabla ya kwenda shule. Alipiga yowe moja tu. Warigia akatoka mbio bila kitambaa kichwani.

Karani alikuwa amekakamaa, povu mdomoni. Bibi Harusi alikuwa amelala ubavu, miguu yake inakwenda mbio hewani kama anayekimbizwa. Kule juu, Meneja alikuwa akitafuna jani la kabeji, mzima wa afya.

"Ni Jeki?" Thuo aliuliza, akifunga mshipi.

Warigia alimgeuza Karani huku na huku. Hapakuwa na alama ya jino wala damu. Jeki mwenyewe alikuwa bado chini ya kibanda, akitikisa mkia, hajui la kufanya na ghasia ile.

"Hakuna alipoumwa," alisema.

"Basi ni dawa." Thuo aliinua kopo lake la maziwa kwa hasira. "Yule Kipyego ametia dawa nyingi. Karibu atuulie watoto!" Akashika njia ya kwenda kwenye gari la maziwa, akisema hivyo hivyo kwa kila aliyekutana naye.

Warigia alimbeba Bibi Harusi ndani ya aproni, akachemsha maji, akamwosha kwa sabuni, akamkausha karibu na moto, akimwomba kwa jina lake kama mtu. "Bibi Harusi, jikaze. Jumatatu ni karibu. Jikaze, mama." Nyakio alisimama kando akilia bila sauti. Miguu ile ilipunguza mbio, ikapunguza, ikasimama.

Aliporudi kibandani kusafisha, akalishika lile gunia. Ukingo wake ulikuwa umetafunwa kipande cha kiganja kizima. Alilipeleka puani, na dawa ikampanda kichwani. Akamfungua Karani mdomo. Nyuzi za gunia zilikuwa zimenasa kwenye meno yake.

Warigia akakaa chini pale pale kwenye matope. Kipyego alisema watoto wasimshike mbwa, na watoto hawakumshika. Alisema asiingie nyumbani, na hakuingia. Yeye mwenyewe aliikamua dawa kutoka mwilini mwa mbwa, akawatandikia sungura walalie.

Alikuwa bado hapo Thuo aliporudi, na hakurudi peke yake. Mwenyekiti Githinji alikuja mbele, mikono nyuma, akachungulia kibanda.

"Pole, Mama Nyakio. Tena pole sana." Macho yake hayakuwa na pole yoyote, yalikuwa yameamka. "Leo ni sungura. Kesho ni mtoto wa mtu. Kampuni haiwezi kuchezea jambo kama hili. Saa sita tunakutana joshoni. Hao waliokufa waletwe, watu waone kwa macho."

Alipoondoka, Warigia akasema, "Baba Nyakio, si Kipyego. Ni mimi."

Akamweleza. Thuo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kigoda na kuvua kofia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie hapa."

"Atafukuzwa kazi!"

"Na sisi?" Thuo alishusha sauti. "Kura ya mashamba ni tarehe thelathini. Vikaratasi vinakunjwa na nani? Githinji. Kofia inashikwa na nani? Githinji. Unataka tupate kile kipande cha mawe kule juu, tulime kokoto? Kipyego yuko kwao. Ana ndugu, ana ng'ombe kwa baba yake. Sisi tukikosa hapa tunarudi wapi?"

"Na Jepkosgei?"

"Jepkosgei ni mtoto. Atapata sungura wengine."

Warigia akanyamaza. Na tuseme kweli, hakunyamaza kwa sababu ya mumewe peke yake. Alimwogopa Githinji, ndiyo, na aliyaogopa yale mawe. Lakini zaidi aliuogopa uso wa Rael. Ikiwa ni dawa iliyozidi, basi Mama Nyakio alichunga mpaka mwisho, na mkosaji ni mwingine. Wazo hilo lilimpita mara moja tu, upesi, naye akalichukia. Hata hivyo lilimfunga mdomo mpaka saa sita.

Watu walikuja wengi kuliko wanavyokuja kwa mikutano ya hesabu. Wanaume walisimama karibu na josho, wanawake wakaketi kwenye nyasi nyuma. Karani na Bibi Harusi walikuwa wamelazwa juu ya ukuta wa simenti, kama samaki sokoni.

Kipyego alikuja kutoka stoo akijifuta mikono. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Aliutazama umati, akautazama ukuta, akasogea polepole, akagusa lile doa jeusi puani.

"Hawa ni wa mtoto wangu," alisema.

"Na ni wewe umewaua," Githinji akasema. "Mbwa wa Thuo amelala karibu nao usiku mmoja tu. Umetia dawa kiasi gani?"

"Kiasi kile kile. Hii kopo, mara tano. Jumatano ng'ombe mia mbili imepita hapa. Iko hata moja imetetemeka?"

"Usiniulize maswali. Mimi ndiye ninayeuliza."

"Labda alikuwa amekunywa," sauti moja ikasema kutoka nyuma.

Kipyego hakuwa mnywaji, na walijua. Lakini neno likishatoka hutafuta pa kukaa. Githinji akaupokea msaada ule kwa furaha.

"Thuo, wewe ndiye mwenye hasara. Mnuse mdomo, utuambie."

Thuo akamtazama Mwenyekiti kama anayetumaini ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akasogea hatua mbili. Kipyego, mtu mzima, baba wa watoto, aliyewatumbukizia mbwa wao wote jana yake, akainama kidogo kwa kuwa alikuwa mrefu zaidi, akafungua mdomo. Thuo akanusa.

"Sijui," alisema. "Sisikii kitu. Sijui."

"Hajui," Githinji akawatangazia watu, kana kwamba hilo ndilo jibu. "Wanachama, tutakaa na mtu kama huyu mpaka tuzike mtoto? Wako vijana wetu waliosoma, wanaojua kusoma maandishi kwenye debe la dawa. Kipyego, leta funguo za stoo. Na ile nyumba ya kampuni utaihama mwisho wa mwezi."

Kipyego akatia mkono mfukoni. Funguo zikalia.

"Ni mimi," Warigia akasema.

Hakujua alisimama saa ngapi. Aliisikia sauti yake ikitoka nyembamba kama ya Nyakio.

"Mama, keti," Githinji akasema. "Hisa ni ya mumeo. Yeye yupo, atasema."

"Hisa ni yake, gunia ni langu. Nilimsugua Jeki kwa gunia la sungura, akiwa bado hajakauka. Nikalirudisha ndani. Wamelitafuna. Nimekuta nyuzi kwenye meno, mwone wenyewe. Wa tatu hakulala juu yake, naye ni mzima. Dawa haikuzidi. Huyu baba aliniambia nimwache mbwa akauke, nami sikungoja."

Kicheko kikaanza upande wa wanawake na kupanda. "Amemkausha mbwa kwa shuka za sungura!" mmoja alisema, na mwingine akajipiga mapaja. Mzee mmoja akamfungua Karani mdomo, akachungulia, akatikisa kichwa akakubali.

"Thuo," Githinji akaita, uso umemwiva. "Mkeo anasema nini?"

Thuo aliyatazama matope ya viatu vyake kwa muda mrefu. "Amesema alivyosema," akajibu.

Mtu akishachekwa, shtaka limekwisha. Watu walianza kutawanyika wakirudia maneno ya gunia, na Kipyego akautoa mkono mfukoni bila funguo. Githinji alikunja karatasi zake. Alipompita Thuo alimgusa bega, polepole, kama rafiki.

"Tutaonana siku ya kura," alisema.

Saa kumi Kipyego alikuja kambini. Thuo alikuwa amekwenda kukata kuni, au alisema anakwenda kukata kuni. Warigia alimpangusia kigoda, lakini mgeni hakuketi.

"Asante kwa kusema," Kipyego alisema. "Kama si wewe, saa hii nafungasha."

"Nilitaka Jeki awajue, Baba Jepkosgei. Alikuwa amewasahau kwa ile harufu. Niliogopa atawala."

"Najua. Hata mimi nina makosa. Nilisema watoto, sikusema sungura. Sikufikiria." Alikuwa akiongea taratibu, bila ukali wowote, na Warigia akaanza kupumua. Labda yangeisha hivyo. Labda angekwenda naye Eldoret Jumapili, akaketi kando ya kile kitanda, akamweleza mtoto mwenyewe.

"Lakini iko kitu nataka kuuliza," Kipyego akaendelea. "Ulijua saa ngapi?"

Warigia angeweza kusema saa sita. Nani angempinga? Aliona wazi kwamba neno hilo moja lingetosha, na kwamba huyu mtu alitamani kulisikia.

"Asubuhi," alisema. "Kabla Mwenyekiti hajaja hapa."

"Kabla yangu kufika pale na kuwakuta kwa ukuta."

"Ndiyo."

"Kabla ya bwana yako kuninusa mdomo."

"Ndiyo."

Kipyego akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakipita. Kisha akaenda kibandani, akafungua kisanduku cha juu, akamtoa Meneja na kumtia ndani ya koti lake, akalifunga vifungo mpaka shingoni. Jeki alikuja akamnusa miguu. Akamsukuma kando kwa gambuti, bila kumwumiza.

"Jumapili nitakwenda hospitali, nitamwambia mtoto," alisema.

"Acha twende pamoja. Nimwambie mimi mwenyewe."

"Hapana."

Akashika njia. Warigia alitazama huku na huku, akaliona fungu la nyasi laini za mtoni ambalo Nyakio alikuwa amelikata jioni ya jana, bado bichi. Akalikumbatia, akamkimbilia mpaka langoni.

"Mchukulie Meneja hizi basi. Amezizoea. Hataki nyingine."

Kipyego aliziangalia zile nyasi, akayaangalia yale mashamba yote hadi msituni, akamwangalia yeye.

"Nyasi ziko hata kwetu, Mama," alisema, akaenda zake.